Kaboni Monoksaidi: Kipimo cha Mashine na Kipimo cha Mwanadamu

Haidrojeni inayouzwa kwa ajili ya magari ya seli za fueli hailindwi na nia njema ya muuzaji. Inalindwa na kiwango cha kimataifa kijulikanacho kama ISO 14687, ambacho kinaagiza kwamba kaboni monoksaidi iliyomo isizidi sehemu 0.2 kati ya sehemu milioni moja. Ili kuufikia usafi huo, wanakemia na wahandisi wametumia miongo kadhaa kutengeneza vichocheo vya metali, wakijaribu platinamu, dhahabu, shaba, na kisha platinamu tena. Jitihada hizo zote zimefanywa ili sumu moja isiyo na rangi wala harufu isifike katika kiini cha mashine. Sumu hiyo hiyo huingia katika vyumba vya kulala vya watu, ikitoka katika jiko la mkaa, na humo hakuna anayeipima. Hoja ya makala haya ni kwamba elimu iliyoilinda mashine yatosha kumlinda mwanadamu. Kilichopungua ni uamuzi wa kuitumia.

Sumu katika mashine

Seli ya fueli ni chombo kinachozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni pasipo kuwasha moto. Aina itumikayo zaidi katika magari hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi, na ndani yake mna chembe ndogo mno za platinamu. Molekuli ya haidrojeni hutua juu ya platinamu, hupasuka, na kuziachia elektroni zake, nazo zikipita katika waya huwa ndio umeme. Kaboni monoksaidi ikichanganyika na haidrojeni, nayo hutua juu ya platinamu hiyo hiyo, ila haiondoki. Hung'ang'ania pale ilipotua na kuziba nafasi moja baada ya nyingine, hata haidrojeni ikakosa mahali pa kutua. Sehemu 10 tu kati ya milioni zatosha kuipunguzia seli nguvu kwa kiasi kinachoonekana.

Kaboni monoksaidi hiyo huzaliwa pamoja na haidrojeni yenyewe. Sehemu kubwa ya haidrojeni duniani hutokana na mafuta ya ardhini, hasa gesi asilia. Gesi hiyo huchanganywa na mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 700 hadi 1,000, juu ya kichocheo cha nikeli, na kinachotoka ni haidrojeni iliyojaa kaboni monoksaidi. Hatua inayofuata huupitisha mchanganyiko huo, pamoja na mvuke zaidi, juu ya vichocheo vya chuma na kisha vya shaba. Hapo sehemu kubwa ya kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, na haidrojeni huongezeka. Hata hivyo hubaki asilimia 0.5 hadi 1 hivi, yaani sehemu 5,000 hadi 10,000 kati ya milioni. Viwanda vikubwa huyanasa mabaki hayo kwa madini yenye vitundu. Kwa mitambo midogo, njia iliyovutia watafiti wengi ni kuingiza oksijeni kidogo ili iichome kaboni monoksaidi peke yake, nayo ikiwa imezungukwa na haidrojeni iliyo tayari kuungua wakati wowote.

Kazi hiyo ndiyo iliyokabidhiwa vichocheo vya metali vilivyoegemezwa. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuliwa na badiliko hilo. Kuegemezwa ni kule kutawanywa kwa chembe za metali, zenye upana wa nanomita chache, juu ya kitu kingine chenye vitundu vingi, kama vile oksaidi ya aluminiamu au oksaidi ya seriamu. Gramu moja ya oksaidi ya aluminiamu iliyotayarishwa kwa kazi hiyo huweza kuwa na uso unaozidi mita za mraba 100. Wahudumu wa afya hawatastaajabu kwa hesabu hiyo. Mapafu ya mtu mzima, yaliyokunjamana ndani ya kifua, yana uso wa mita za mraba 70 hivi, na sababu ni ile ile: hewa ipate kugusana na uso mpana ndani ya nafasi ndogo.

Ugumu wote umo katika kuchagua. Platinamu iliyoegemezwa juu ya oksaidi ya aluminiamu hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 150 hadi 200 hivi. Joto likiwa dogo, kaboni monoksaidi huifunika platinamu na kuinyima oksijeni nafasi ya kutua. Likiwa kubwa, oksijeni hupotea kwa kuichoma haidrojeni yenyewe. Mwaka 1987, mwanakemia wa Japani Masatake Haruta na wenzake walichapisha matokeo yaliyobadili fikra za wengi. Dhahabu, metali iliyodhaniwa kuwa haishughuliki na chochote, ikitengenezwa kuwa chembe za nanomita chache na kuegemezwa juu ya oksaidi zifaazo, iliweza kuichoma kaboni monoksaidi hata kwenye baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Wengine waligeukia shaba na oksaidi ya seriamu, ambazo bei yake ni nafuu. Mwaka 2019, watafiti wa China walieleza katika jarida la Nature kichocheo cha chembe za platinamu zilizowekewa atomu za chuma juu yake. Kichocheo hicho kiliiondoa kaboni monoksaidi yote kutoka katika haidrojeni, tangu nyuzi 75 chini ya sifuri hadi nyuzi 107 juu yake, yaani tangu gari linapowashwa katika baridi kali hadi linapokuwa katika mwendo wake wa kawaida.

Sumu ile ile katika damu

Yampatayo mwanadamu yanakaribiana mno na yanayoipata platinamu. Hemoglobini, iliyomo katika chembe nyekundu za damu, hubeba oksijeni kwa kuishika kwenye atomu ya chuma. Kaboni monoksaidi huishika atomu hiyo hiyo, kwa nguvu inayokadiriwa kuwa mara 200 hadi 250 ya ile ya oksijeni. Mfaransa Claude Bernard alieleza katika karne ya 19 jinsi hewa hii inavyoinyang'anya oksijeni nafasi yake katika damu. Mskoti John Scott Haldane, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1895, aliivuta yeye mwenyewe kwa vipimo na kuandika kilichomtokea. Kwa hesabu ya nguvu hiyo, mtu akikaa muda wa kutosha katika hewa yenye sehemu 900 hivi za kaboni monoksaidi kati ya milioni, nusu ya hemoglobini yake huweza kutekwa. Sehemu 900 kati ya milioni ni chini ya moja kati ya elfu.

Hasara haikomei hapo. Hemoglobini iliyotekwa kwa sehemu huishikilia zaidi hata oksijeni iliyobaki, hivyo viungo vya mwili hunyimwa mara mbili. Ubongo na moyo, vinavyohitaji oksijeni kuliko viungo vingine, huumia kwanza. Kwa mjamzito, sumu hupenya kondo la nyuma na kujikusanya katika damu ya mtoto, na hutoka humo polepole kuliko inavyotoka katika damu ya mama. Mama anaweza kuamka akiwa na maumivu ya kichwa tu, ilhali mtoto aliye tumboni amekwisha kudhurika.

Msomaji makini ataona kwamba tarakimu za mashine ni kali kuliko za mwanadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza wastani wa miligramu 4 za kaboni monoksaidi katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa saa 24, sawa na sehemu 3.5 hivi kati ya milioni. Kwa muda wa saa moja, mwongozo wa shirika hilo kwa hewa ya ndani ya nyumba ni miligramu 35, sawa na sehemu 30 hivi. Tofauti hiyo ina sababu ya kisayansi. Upande wa haidrojeni katika seli ya fueli hauna oksijeni ya kushindana na sumu, ilhali hewa ivutwayo na mtu ina oksijeni asilimia 21. Kwa tarakimu, basi, mashine haijapendelewa. Imependelewa kwa utekelezaji. Ubora wa haidrojeni hudhibitiwa kwa vipimo kabla haijaingia katika gari, na isiyofaa hukataliwa. Mwongozo wa hewa ya ndani ya nyumba, katika kaya nyingi za Afrika Mashariki, umebaki kuwa maandishi, maana kifaa cha kuupima hakimo nyumbani, na mara nyingi hakimo hata katika kituo cha afya kilicho karibu.

Moto usio na moshi

Kinachofanya hatari hii idumu ni imani iliyoenea kwamba ubaya wa moto umo katika moshi wake. Mpishi huliweka jiko la mkaa nje, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo aliingize ndani akiamini kwamba limekwisha kuwa salama. Methali husema pafukapo moshi pana moto. Haikusema kwamba pasipofuka moshi pana usalama. Makaa mekundu yaliyorundikana ndiyo yatoayo kaboni monoksaidi kwa wingi. Kaboni dayoksaidi inayozaliwa chini ya jiko hupanda kupitia makaa yenye joto kali, ikakutana na kaboni isiyopata oksijeni ya kutosha, na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Badiliko hili la kikemia liko katika jamaa moja na yale yanayoendeshwa kiwandani. Tofauti ni kwamba kiwandani gesi imefungwa ndani ya mabomba na kuna hatua ya kuisafisha, ilhali chumbani bomba ni koo la aliyelala.

Desturi ya kulala na jiko ina sababu zake, wala haifai kuibeza. Katika nyanda za juu, kama Njombe, Makete na Lushoto nchini Tanzania, au Limuru na Nyandarua nchini Kenya, baridi ya Juni na Julai si ya kufanyiwa mzaha. Katika baadhi ya familia, mzazi aliyejifungua huwekewa jiko chumbani ili yeye na kichanga wapate joto, na mlango hufungwa ili upepo usiwaingie. Jambo hilo hufanywa kwa upendo. Lakini kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, hivyo husambaa chumba kizima na kumfikia aliye kitandani sawasawa na aliye kwenye mkeka.

Huenda mtu akasema kwamba, ikiwa vichocheo vimefikia uwezo unaoelezwa hapa, dawa ni kuvileta jikoni. Fikra hiyo haina ubaya, ila anayeingoja ataingoja sana. Kichocheo huitibu tu gesi inayopita juu yake, nayo gesi ya jiko la wazi haina bomba la kuipitisha. Platinamu hudai joto la kutosha. Salfa na masizi huifunika metali na kuizima kama kaboni monoksaidi inavyoizima seli ya fueli. Mchanganyiko wa oksaidi za manganizi na shaba, uliobuniwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na hadi leo ukitumika katika barakoa za kujiokolea migodini, hufanya kazi kwenye joto la kawaida, lakini unyevu huuharibu; na jikoni, penye sufuria inayochemka, unyevu haukosekani. Hata gari lenye kichocheo katika bomba lake la moshi hutoa sumu nyingi katika dakika za mwanzo, kichocheo kikiwa bado baridi, na jenereta nyingi ndogo za majumbani hazina kichocheo chochote.

Fundisho ambalo vichocheo vinaipa afya ya jamii ni la namna nyingine. Wahandisi waliipokea sumu hii kama jambo la kupimwa, wakaishughulikia kabla haijafika inakodhuru, wala hawakuridhika na kuona kwa macho. Nyumbani, kuishughulikia kabla haijafika ni mambo machache yasiyohitaji platinamu. Jiko liwashwe na litumike nje au mahali penye hewa inayopita. Likipikiwa ndani, mlango na dirisha vibaki wazi muda wote, maana dirisha moja lililoachwa nusu si kinga ya kutegemewa. Usiku unapoingia jiko litolewe nje, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Joto la mzazi na mtoto litafutwe katika nguo, blanketi na kumlaza mtoto kifuani pa mama. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala barazani karibu na dirisha. Mwenye uwezo wa kununua kengele ya kaboni monoksaidi aihesabu kuwa miongoni mwa vifaa vya lazima vya nyumba.

Wajibu wa kituo cha afya

Katika kituo cha afya, sumu hii hufanana na magonjwa mengine hata kumpita mhudumu bila kutambuliwa. Mgonjwa hulalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Huhisiwa malaria, au chakula kilichoharibika. Yapo maswali mawili yanayoweza kufungua njia: je, kuna wengine katika nyumba hiyo walioumwa kwa wakati huo huo? Na je, dalili hupungua mtu anapotoka nje ya nyumba? Jibu likiwa ndiyo, na homa ikiwa haipo, swali la tatu ni lazima: jiko lilikuwa wapi usiku? Wekundu wa ngozi unaotajwa katika vitabu huonekana kwa wachache, na mara nyingi kwa kuchelewa, kwa hiyo usingojwe.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Kifaa cha kawaida hutumia mwanga wa aina mbili, na kwa mwanga huo hemoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi huonekana karibu sawa na ile iliyobeba oksijeni. Kifaa huweza kuandika 98 au 99 ilhali mgonjwa anakosa hewa ndani kwa ndani. Mhudumu aliyefundishwa kuiamini tarakimu hiyo anaweza kumrudisha mtu kwenye chumba kile kile kilichomdhuru. Kipimo cha kweli ni kile cha damu kinachotofautisha aina za hemoglobini, na palipokosekana kipimo hicho, historia ya mgonjwa inatosha kuanzisha tiba.

Tiba yenyewe ni oksijeni, na haifai kuchelewa. Mtu akitolewa tu kwenye hewa safi, huchukua saa 4 hadi 5 kwa kiwango cha sumu katika damu kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Hapa pia mashine na mwili vinakaribiana. Mwaka 1988, watafiti wa Los Alamos nchini Marekani walionesha kwamba seli ya fueli iliyopatwa na sumu hurudiwa na nguvu zake ikichanganyiwa oksijeni kidogo katika haidrojeni yake. Katika seli, oksijeni huichoma kaboni monoksaidi juu ya platinamu. Katika damu, huisukuma tu itoke na kuvutwa nje kwa pumzi. Njia ni mbili, dawa ni moja. Mjamzito apewe kwa muda mrefu zaidi na apelekwe hospitali ya rufaa, kwa sababu ya mtoto. Anayeruhusiwa kurudi nyumbani aelezwe kwamba usahaulifu, mabadiliko ya tabia au kuyumba katika kutembea huweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, na kwamba yakitokea arudi mara moja. Aelezwe pia, pamoja na jamaa zake, kwamba jiko lisirudishwe chumbani.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Kila hospitali ya rufaa yastahili kuwa na kipimo cha damu kinachotambua kaboni monoksaidi. Kila kituo cha afya chastahili kuwa na oksijeni iliyo tayari, na kitabu cha kumbukumbu chenye mahali pa kuandika sumu hii kwa jina lake, badala ya kuifukia chini ya maneno kama "maumivu ya kichwa" au "kifo cha ghafla". Kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Kliniki ya wajawazito ni mahali pazuri pa kuanzia: mhudumu anayemwuliza mama kuhusu chandarua anaweza, kwa pumzi hiyo hiyo, kumwuliza jiko hulala wapi.

Dunia imekubali kwamba mashine ya kuendeshea gari haifai kuvutishwa kaboni monoksaidi, ikatumia platinamu na dhahabu kuizuia. Mzazi na kichanga chake hawahitaji metali yoyote ya thamani. Wanahitaji jiko libaki nje, na mhudumu akumbuke kuuliza.